Mgonjwa wa Mapafu Asirudi Wodini

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kibugu



Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya ndugu zetu wenye maradhi ya mapafu ya kudumu. Mzee hulazwa Embu, akapata nafuu, tukachanga na kumrudisha nyumbani kwa furaha. Kabla ya mwezi kwisha yuko wodini tena. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo hili si la Kibugu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 ugonjwa wa kuziba mapafu uliua watu wapatao milioni 3.5. Hata Marekani, karibu mgonjwa 1 katika 5 wa namna hii hulazwa tena ndani ya siku 30.

Kinachomrudisha ni nini? Kwanza ni moshi. Huku kwetu mlimani, baridi ya Juni hadi Agosti hutukusanya jikoni, mlango umefungwa, na kuni mbichi zinafuka katika mafiga. Mama aliyepika hivyo miaka 40 aweza kuharibika mapafu kama mvuta tumbaku, ingawa hajapata kugusa sigara. Wengine waliugua kifua kikuu. Dawa za miezi 6, zitolewazo bure katika hospitali za serikali, ziliua vijidudu, lakini kovu likabaki pafuni. Mtu huyu akirudishwa katika moshi ule ule, atarudi wodini.

Pili ni dawa ya kuvuta. Wengi huiacha wapatapo nafuu, na wengine huipuliza ikaishia ulimini. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili ishike kile kichupa cha dawa, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo cha kununua. Mwombeni muuguzi awaonyeshe.

Tatu ni kuchelewa. Makohozi yakizidi na kugeuka rangi, au pumzi ikimkatiza mgonjwa maneno, asingoje siku ya soko. Apelekwe mara moja.

Bwana Mwenyekiti, desturi yetu ya kuchangia kitanda cha hospitali na mazishi ni njema, wala hatusemi iachwe. Twaomba iongezwe mambo matatu. Litengwe fungu la nauli, ili kila mgonjwa wa mapafu aonwe tena na mganga ndani ya wiki 2 tangu atoke. Jamaa yake mmoja ajifunze dawa zote kabla hawajaondoka wodini. Na vijana wetu wamjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi, au wampasulie dirisha na kumletea kuni kavu.

Huenda wazee wakasema mfuko ni mdogo. Ni kweli. Lakini nauli ya siku moja ni ndogo kuliko gharama ya wiki nzima wodini, na kila alazwapo tena, mgonjwa hurudi nyumbani na pumzi iliyopungua. Fedha hupatikana tena kwa majani chai ya mwezi ujao. Pumzi iliyopotea hairudi.

Tunauomba mkutano huu uamue leo. Tumesema.