Kompyuta Mpakato: Ununue Hapa au Ughaibuni?

Msikilizaji, umepata nafasi ya kusoma Ujerumani. Kompyuta mpakato ununue hapa au huko?

Kabla ya kulipa, uliza chuo: masomo yako yanahitaji kompyuta ya aina gani? Kisha uliza dukani: waranti hii itakubalika Ujerumani? Waranti nyingine haivuki mpaka.

Ukinunua hapa, beba adapta. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi za Ujerumani za matundu mawili ya duara.

Ukinunua huko, tazama kibodi. Kwenye kibodi ya Kijerumani, herufi Z na Y zimebadilishana nafasi.

Kama kompyuta uliyonayo bado ni nzima na inakidhi mahitaji ya masomo, safiri nayo.

Tunarudia: uliza chuo, uliza waranti, ndipo ulipe.