Liverpool ya Australia: Simu ya Mkononi Katika Siku za Janga

Makala yetu ya leo inatupeleka Liverpool. Mashabiki wa kandanda wasiharakishe kufurahi. Liverpool tunayoikusudia haiko Uingereza, bali ni mji ulio kando ya Mto Georges, yapata kilomita 30 kusini magharibi mwa kitovu cha Sydney nchini Australia, ulioasisiwa na Gavana Lachlan Macquarie mwaka 1810. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, eneo la halmashauri yake lina wakazi zaidi ya 230,000, na zaidi ya nusu ya watu wake huzungumza majumbani mwao lugha isiyokuwa Kiingereza, kama vile Kiarabu, Kivietnam, Kihindi na Kiserbia. Mji huu ulipata kuionja teknolojia ya kupambana na janga la korona kwa utamu wake na kwa uchungu wake, na ndiyo maana tumeuchagua.

Tuanze na usiku mmoja. Tarehe 3 Julai mwaka 2020, mtu mmoja aliyetoka Melbourne, mji ambao wakati huo ulikuwa umeelemewa na maambukizi, alihudhuria karamu ya wafanyakazi wenzake katika Hoteli ya Crossroads, mtaani Casula, ndani ya eneo la Liverpool. Wiki moja baadaye iligundulika kuwa virusi vilikuwa vimesambaa hotelini humo. Kila aliyefika pale kati ya tarehe 3 na 10 alitakiwa kujitenga kwa siku 14 na kwenda kupimwa. Kituo cha vipimo kikafunguliwa katika uwanja wa magari wa hoteli hiyo hiyo, na foleni ya magari ikawa ya saa nyingi. Hatimaye zaidi ya watu 50 walihusishwa na mlipuko huo.

Swali lililowakabili maafisa wa afya lilikuwa la kale mno: nani alikuwa pale, na alikaa na nani? Serikali kuu ya Australia iliamini kuwa tayari inalo jibu. Tangu tarehe 26 Aprili mwaka huo ilikuwa imezindua programu ya simu iitwayo COVIDSafe. Simu mbili zinapokaribiana kwa muda wa dakika 15, zilipaswa kubadilishana alama za siri kwa njia ya Bluetooth, na mmoja wa wenye simu akiugua, mwenziwe atafutwe. Watu zaidi ya milioni 7 waliipakua. Lakini matokeo yake, wapenzi wasikilizaji, yalikuwa ya kusikitisha. Katika simu za iPhone haikufanya kazi barabara pale simu ilipokuwa imefungwa. Watafiti walipochunguza miezi sita ya mwaka 2020 katika jimbo la New South Wales, ambamo Liverpool imo, waligundua kuwa programu hiyo iliwatambua watu 17 tu ambao wapelelezi wa afya hawakuwa wamewapata kwa kupiga simu na kuuliza. Mwezi Agosti 2022 Waziri wa Afya, Mark Butler, alitangaza kuifunga, akisema kuwa imegharimu zaidi ya dola milioni 21 na kuibua wagonjwa wawili tu nchi nzima.

Chombo kilichofaa zaidi kilikuwa cha kawaida kabisa. Ni ule mchoro wa mraba wenye madoa meusi na meupe, yaani msimbo wa QR, uliobandikwa mlangoni mwa mkahawa. Mteja aliuelekezea kamera ya simu yake, jina na namba yake vikaandikwa, akaingia. Serikali ya jimbo ililazimisha mikahawa na mabaa kutumia mfumo wake mmoja tangu tarehe 1 Januari 2021, na mwezi Julai mwaka huo ikayajumuisha maduka na sehemu nyingi za kazi. Kwa wazee wasio na simu za kisasa, ilitolewa kadi ambayo mwenye duka aliisoma kwa simu yake mwenyewe. Kadi hiyo ndogo, kwa maoni yangu, ilikuwa na akili zaidi kuliko programu ile ya mamilioni.

Hata hivyo, tusiutukuze msimbo huo kupita kiasi. Kirusi aina ya Delta kilipoingia Sydney mwezi Juni 2021, Liverpool ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuwekewa masharti makali zaidi. Wakazi walizuiwa kwenda zaidi ya kilomita 5 kutoka nyumbani, na tangu tarehe 23 Agosti ikawekwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Wafanyakazi waliolazimika kuvuka mipaka ya eneo lao walitakiwa kuwa na kibali kilichoombwa kwa mtandao. Mwishoni mwa Agosti wagonjwa wapya jimboni walipita 1,000 kwa siku. Wengi waliambukizana majumbani na kazini, na hakuna msimbo uliobandikwa mlangoni mwa sebule. Baba aliyetoka zamu ya ghalani alirudi kwenye nyumba yenye bibi na wajukuu, na simu yake haikuweza kumkinga yeyote kati yao.

Aidha kulikuwa na kadhia ya lugha. Mwezi Agosti 2020 Australia ilistaajabu kuona bango rasmi la afya lililochanganya Kiarabu na Kiajemi, kana kwamba ni lugha moja. Mtu akikabidhiwa ujumbe wa namna hiyo, si ajabu akaamini zaidi sauti ya shangazi yake inayomfikia kupitia WhatsApp, iwe ya kweli au ya uzushi.

Na kuna suala la amana. Jimboni New South Wales kumbukumbu za msimbo zilihifadhiwa kwa siku 28, kisha zikafutwa. Lakini katika jimbo la Australia Magharibi, ilifichuka mwezi Juni 2021 kuwa polisi walikuwa wamezitumia kumbukumbu kama hizo katika upelelezi wa jinai. Bunge la huko likalazimika kupitisha sheria ya kuwazuia.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki pengine atakumbuka kuwa sisi pia tulipata chombo chetu cha kawaida. Tarehe 16 Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, ili watu wapunguze kushikana noti. Hapakuhitajika kubuni programu mpya, kwani muuza mboga alikuwa na M-Pesa tangu zamani.

Liverpool ilifunguliwa pamoja na Sydney nzima tarehe 11 Oktoba 2021, baada ya asilimia 70 ya wakazi wa jimbo wenye umri wa miaka 16 na zaidi kukamilisha chanjo. Miezi michache baadaye sharti la msimbo likaondolewa. Kwa muda mrefu karatasi zile zilibaki zimebandikwa kwenye vioo vya maduka, zikipauka kwa jua, na wapita njia hawakuzitazama tena.