JUA NI LETU, LAKINI MTAMBO WATAKA FUNDI

(Maneno tuliyowaambia wanachama na wageni katika mkutano wa Garissa)



Huenda mtu akauliza: Watu wa reli wana shauri gani na habari za jua, na reli yenyewe haifiki Garissa? Jawabu ni hili. Kazi yetu tangu mwanzo ni kazi ya nguvu. Wazee wetu walichemsha maji kwa kuni, kisha kwa mafuta mazito, ili mvuke usukume magurudumu. Zile mashine kubwa za namba 59, zilizoletwa 1955 na 1956, zilikuwa 34, nazo zilichoma mafuta. Baadaye ziliondolewa, dizeli ikashika kazi. Kila nguvu ilipobadilika, wako waliofundishwa kazi mpya, na wako waliobaki nje ya lango. Kwa sababu hiyo twataka tuseme nanyi mapema.

Nguvu ni za namna mbili. Ya kwanza huisha. Dizeli ukiichoma leo, kesho hapana budi ununue nyingine, na lori liilete kutoka mbali. Barabara ikikatwa na mafuriko, mtambo unanyamaza. Namna ya pili hurudi kila siku au kila majira: jua, upepo, maji ya mto, joto la chini ya ardhi, na samadi ya mifugo.

Kenya imekwisha kuzitumia hizi. Olkaria mvuke wa ardhini umeleta stima tangu 1981. Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna vinu vya upepo 365 vyenye nguvu ya kilowati 310,000. Na maji ya Mto Tana mnayoyaona chini ya daraja letu hapa yamekwisha kufanya kazi huko juu, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kufika kwetu.

Sasa tuje nyumbani.  Tarehe 13 Desemba 2019 kilifunguliwa kituo cha jua hapa Garissa. Kina paneli 206,272 juu ya hekta 85, yaani eka 210 hivi. Kila paneli ni ya wati 265. Jua likiwa kali, paneli moja yaweza kuwasha taa 50 za wati 5. Zidisheni wenyewe, mtapata kilowati 54,000 na zaidi. Stima hiyo huingia katika nyaya za taifa.

Lakini tuseme kweli. Kituo kile hufanya kazi mchana tu. Usiku taa za mji hutegemea nyaya zinazoleta nguvu kutoka kwingine. Na mfugaji aliye mbali na nyaya hapati taa kwa kuwa kituo kiko katika kaunti yake. Huyo anahitaji sola yake mwenyewe, ya nyumba, ya zahanati, na zaidi ya yote ya kisima.

Kisima ndicho tunachotaka mkifikirie. Pampu ya sola haina haja kubwa ya betri. Jua likiwaka, pampu huvuta. Tangi likijaa, maji hukaa humo hata usiku. Tangi ndilo ghala la nguvu. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, jengeni tangi kubwa kwanza.

Tumeona kisima kimoja, jina lake hatulitaji, paneli zake nzima, maji yapo, pampu nzima. Kilichokufa ni kile kisanduku kinachopeleka stima kwenye pampu. Waliokifunga walikwisha kwenda zao, wala hawakumfundisha mtu. Kwa siku kumi na moja akina mama walifuata maji kwa mwendo wa nusu siku, na mbuzi wakafa, huku jua likiwaka juu ya paneli asubuhi hadi jioni. Fundi alipofika, kazi yake haikuzidi saa mbili.

Basi watu husema jua ni la bure. Ni kweli, jua ni la bure, lakini kisanduku si cha bure, na betri si ya bure. Sisi tuliosoma misheni twaukumbuka mfano wa wale wanawali ambao taa walikuwa nazo, mafuta hawakuwa nayo. Mafuta ya sola ni fedha ya akiba.

Haya ndiyo ya kutunza. Vumbi la hapa hufunika paneli, nayo hupunguza nguvu. Futeni alfajiri kwa kitambaa laini na maji. Msimwage maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua, kisije kikapasuka. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto. Msiipigilie juu ya bati, acheni nafasi upepo upite chini yake. Betri ya maji iongezwe maji safi ya betri, si ya kisima, wala msiitumie mpaka ikauke nguvu yote.

Na jikoni je? Huko kuni bado ndizo zinazotawala. Jiko linalokula kuni chache ni msaada mkubwa. Mathenge, mti huu uliotuingilia mashamba na njia, wafaa kuchomwa makaa kuliko kuikata migunga yetu. Gesi ya samadi ni nzuri kwa mwenye ng'ombe zizini na maji karibu. Kwa anayehama na mifugo haifai.

Chama chetu kinaomba mambo matatu. Kwanza, kila kisima cha sola kiwe na sanduku la akiba, na hesabu isomwe mbele ya watu. Pili, kila mkataba wa kufunga mtambo uandike kwamba vijana wawili wa mahali pale, wa kiume na wa kike, watafundishwa, na vipuri vitaachwa. Tatu, wanaofuta paneli na kulinda mitambo kwa kibarua cha kutwa waandikwe katika chama, wapate mshahara na haki kama wafanya kazi wengine. Wale wa mitambo ya dizeli wafundishwe kazi ya sola kabla mashine zao hazijazimwa, si baada.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho mkirudi makwenu, nendeni kisimani mkaulize: Nani hapa anajua kukifungua kile kisanduku? Ikiwa hakuna, leteni jina la kijana katika mkutano ujao.