Mkuu wa Kazi na Wenzake

Ndugu Wakuu wa Idara na Walimu Wakuu,

Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, ulikemea majivuno na dharau ya viongozi. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo. Katika baadhi ya viwanda waligoma, si kwa kudai nyongeza ya mshahara, bali kwa kukataa kudharauliwa.

Funzo hilo halijachakaa. Mtu huvumilia uhaba wa vifaa akijua sababu yake, kufichwa hakuvumiliki. Mwalimu anayekabidhiwa ratiba ya zamu bila kushauriwa ataifuata, lakini moyo atauacha nyumbani.

Basi tujiulize: baraza huitwa kabla makisio hayajapangwa, au huitwa kuyapigia makofi? Anayeonya kwamba mpango una kasoro hushukuriwa, au huhamishwa? Akihamishwa, wenzake hujifunza kunyamaza, na mkuu hubaki kuzipata habari za ofisi yake mwenyewe kutoka nje.

Ndugu zangu, kusikiliza hakumpunguzii mkuu madaraka. Uamuzi ni wake, na lawama ni yake. Lakini aamue baada ya kusikia, aeleze sababu zake, na sifa zikija azigawe kwa waliotoka jasho. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa cha mkuu.