Nchi Jirani: Maji Yanayoosha Kuta za Mombasa

Mvua za masika zinapokwisha katika mji wa Mombasa, maghorofa ya wapangaji huko Tudor, Kizingo, Nyali na Bamburi hubaki na michirizi myeusi na mabaka ya kijani kuanzia kwenye paa hadi chini. Weusi huo si masizi tu. Ni kuvu na ukoga, vitu vyenye uhai ambavyo hustawi penye unyevu, juu ya ukuta ambao upepo wa kusi umekwisha kuupaka chumvi ya bahari. Askari wa majini wa Kenya walioko Mtongwe, sawasawa na wenzao wa Kigamboni, hawahitaji kuelezwa habari za chumvi hiyo. Wanapambana nayo kila siku juu ya vyuma vya meli.

Hapo ndipo ilipopata nafasi biashara ya kuosha kuta za nje kwa mashine za presha. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe yenye mapambo ya buluu. Mwenye jengo yeyote anayejua thamani ya fedha yake anafahamu kwamba rangi haishiki juu ya kuvu na chumvi, bali huvimba na kubabuka kabla ya masika mengine kufika. Kwa hiyo ukuta hauna budi kuoshwa kwanza. Isitoshe, rangi nyeupe haifichi kitu, na ghorofa lililopakwa jana huanza kudai kuoshwa tena baada ya muda si mrefu.

Mtaji wa biashara yenyewe ni mdogo ukilinganishwa na ukubwa wa majengo: mashine moja ya petroli au ya umeme, mipira mirefu, tangi la maji, ngazi au kamba, na vijana wawili watatu wa kibarua. Mwenye mashine hupatana na mwenye jengo kwa ghorofa zima au kwa mita za mraba. Vijana hulipwa kwa siku. Kuna faida, na hakuna sababu ya kuwaonea kijicho wanaoipata kwa jasho lao. Lakini hesabu ya biashara hii haiishii kwenye mfuko wa mwenye mashine.

Yatazamwe kwanza maji. Mashine ya kazi nzito hutoa kiasi cha lita 15 kwa dakika, yaani lita 900 kwa saa. Ikifanya kazi saa sita kwa siku, itamwaga lita 5,400, ambazo ni sawa na madumu 270 ya lita 20, au mitungi kama wasemavyo wenyewe Mombasa. Na Mombasa ni mji wenye kiu. Sehemu ya maji yake husafiri zaidi ya kilometa 200 kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, wakati mji ulipokuwa na watu wachache sana kuliko sasa. Mengine hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na Marere katika milima ya Shimba. Yote hayo hayautoshi mji, na maji hutolewa kwa zamu. Hivyo inawezekana kabisa mama wa ghorofa ya nne akawa anapandisha ngazi mtungi alioununua kwa mchuuzi wa mkokoteni, huku upande wa pili wa ukuta wake maji matamu yakirushwa juu ya plasta ili jengo lipendeze machoni pa mpangaji ajaye. Kodi anayolipa ndiyo inayogharimia maji hayo.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kutumia maji ya visima vya uani, ambavyo vingi mjini humo vina chumvi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Maji ya chumvi huirudishia kuta chumvi ile ile iliyokusudiwa kuondolewa, tena hula pampu ya mashine. Fundi stadi huyatumia kung'olea uchafu wa mwanzo, kisha husuuza kwa maji matamu machache. Aliye stadi zaidi hategemei nguvu kabisa: hupaka dawa ya klorini iliyozimuliwa, huiacha dakika kadhaa iue kuvu mpaka mizizi, halafu husuuza kwa presha ndogo. Kuvu iliyokwanguliwa tu kwa nguvu ya maji hurudi upesi.

Nguvu hiyo nayo ina hadithi yake. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi. Mashine hizi husukuma maji kwa baa 150 na zaidi. Katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pigo la namna hiyo hutoboa plasta na kuchimba chokaa iliyoshikilia mawe, hata nyumba iliyosimama vizazi vingi ikafunguliwa mlango wa mvua kwa kazi ya asubuhi moja. Hata zege la kisasa, likipigwa karibu mno kwa mdomo mwembamba wa mpira, hubaki na makovu.

Nyama ya mtu ni laini kuliko zege. Maji hayo yakimpiga mtu mkononi huingia chini ya ngozi pamoja na uchafu. Jeraha huonekana dogo, kama alama ya sindano, kumbe ndani vidole vinakufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, wala asiambiwe aoshe kwa sabuni na kuendelea na kazi.

Kila mpiganaji anajua jinsi bunduki inavyosukuma bega. Mpira wa presha husukuma vivyo hivyo, ila hausukumi mara moja; husukuma mfululizo muda wote kijana anapobana kifyatulio. Aliyesimama ardhini huikaza miguu yake. Aliyesimama juu ya ngazi, ghorofa ya tatu, miguu imelowa na kiganja kimoja tu kimeshika chuma, hana cha kukaza. Na hatari nyingine iko ndani ya ndoo. Klorini ikichanganywa na asidi ya kusafishia vyoo, kama wafanyavyo wasiojua wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja, hutoa hewa ya sumu, ile ile iliyotumiwa dhidi ya askari vitani huko Ypres mwezi wa Aprili 1915.

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haina sheria. Mwaka 2007 zilitungwa sheria mbili, moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Kifo kazini hakina budi kuarifiwa kwa wakaguzi ndani ya saa 24. Ugumu uko katika neno mwajiri. Mwenye jengo humtaja wakala, wakala humtaja mwenye mashine, naye mwenye mashine husema yule kijana alikuja asubuhi hiyo tu kuomba kibarua. Mkataba ulikuwa wa mdomo, na malipo yalikuwa taslimu.

Kwa askari polisi anayeitwa penye ajali ya namna hiyo, iwe Mombasa au chini ya maghorofa ya Barabara ya Kilwa mjini Dar es Salaam, ambako bahari ni hiyo hiyo, kazi huanza kabla ya kuuliza majina. Ngazi, mkanda, ndoo ya dawa na kamba vibaki pale vilipo mpaka vimetazamwa na kuandikwa. Kamba iliyokatika ikishakunjwa na kutiwa garini, hakuna tena wa kusema ilikuwa na umri gani.