Tuchunge maji, lakini tusinyamaze



Nitaanza na bidoni ya litri 20, ile ya njano. Kila mtu hapa Kolwezi anaijua. Ikijaa inapima kilo 20, na anayeibeba ku kichwa asubuhi mbele ya masomo, mara nyingi ni dada yako mdogo. Yeye hahitaji mtu wa kumufundisha kuchunga maji. Kila kikombe anajua uzito wake. Leo nasema na sisi wengine: sisi tunaooga na maji ya bidoni mbili, tunaoosha pikipiki na maji ya kunywa, tunaopita ku robine inayovuja na kusema "ile haiko yangu".

Weka ndoo chini ya robine ile usiku, asubuhi upime. Zidisha mara siku 30. Utashangaa. Mara nyingi ni kampira kadogo ka ndani tu ndiko kamechoka: avenyu inaweza kuchanga na kununua kapya. Na kama bomba limepasuka mu barabara, piga picha, andika tarehe na jina la avenyu, peleka barua kwa REGIDESO na uombe wapige muhuri ku kopi yako. Barua isiyo na muhuri, kesho watasema hawakuiona.

Sasa bustani. Maji ya kuosha mboga au mchele, usimwage: lengalenga na matembele zinayapenda. Maji ya sabuni kidogo yaende ku shina la ndizi, si ku majani ya mboga. Maji ya javeli, hapana. Mwagilia asubuhi na mapema ao magaribi, mu mizizi, na ufunike udongo na majani makavu ili jua lisikunywe yote.

Na mvua. Hesabu yake iko rahisi: milimita moja ya mvua ku metre moja ya mraba ya bati ni litri moja. Bati la metre 30 za mraba, mvua ya milimita 10: litri 300. Ni bidoni 15 ambazo hakuna mtoto aliyezibeba!

Lakini tuko Kolwezi, wandugu, na vumbi ya hapa haiko vumbi tu. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti wao wa Kasulo, kartye ambamo watu wanachimba kobalti mpaka ndani ya parsele. Walikuta kobalti nyingi ndani ya vumbi ya nyumba, na ndani ya mkojo na damu ya wakaaji, zaidi sana batoto. Vumbi inakaa ku bati pia. Kwa hiyo mvua ikianza, acha maji ya kwanza yaoshe bati na yaende, kisha ndipo uweke pipa, na ulifunike. Maji ya mto uliobadilika rangi, ao yanayoshuka toka mgodini, usimwagilie mboga. Na tusidanganyane: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yanapanda kama mvuke, metali inabaki mu sufuria.

Hayo ndiyo ya kwetu nyumbani, na tuyafanye. Lakini mtu asikuje kutuambia "munakosa maji sababu munayamwaga". Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Katiba, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kodi ya Madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya madini inaenda kwa utawala wa mahali panapochimbwa, na kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Franka hizo ziko na hesabu. Tunaweza kuuliza, kwa amani na kwa maandishi: Dilala ilipata ngapi? Manika ilipata ngapi? Zimetoa robine ngapi?

Kazi ya juma hili ni moja. Kila mmoja ku avenyu yake aandike mambo matatu: robine ngapi zinavuja, maji yanatoka saa ngapi kwa siku, na bidoni moja inauzwa bei gani. Tukiweka pamoja, tutaenda ku ofisi na namba, si na makelele tu.

Anayechunga kikombe chake nyumbani iko na uso wa kuuliza habari ya mamilioni. Na siku bidoni ya njano itabaki jikoni, dada yako atafika ku masomo mbele ya kengele.