Chungwa au Juisi ya Chungwa?

Msikilizaji, glasi moja ya juisi ya machungwa iliyokamuliwa nyumbani huhitaji machungwa matatu hivi. Ni wachache wanaokaa kitako wakala machungwa matatu mfululizo, lakini glasi hiyo huisha kwa mafunda machache, na hapo ndipo tofauti inapoanzia. Chungwa la wastani lina takriban gramu 3 za nyuzinyuzi na gramu 12 za sukari. Glasi ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 20 za sukari, huku nyuzinyuzi karibu zote zikiwa zimebaki kwenye chujio, pamoja na machicha tunayoyatupa. Nazo ndizo zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, zinazoshibisha na kulainisha choo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi kundi moja na ile tunayotia kwenye chai.

Wapo watakaosema juisi ina vitamini C. Ni kweli, ina potasiamu pia, na mgonjwa asiyeweza kutafuna huifaidi. Wengine watasema hawaongezi sukari. Hilo ni jema sana, ila sukari ya machungwa yenyewe imo vilevile. Anayetaka kinywaji cha matunda, afadhali asage embe kwa blenda bila kulichuja, ili nyuzinyuzi zibaki. Mtoto mwenye meno yake mmenyee chungwa, mwachie na ule utando mweupe, na kiu yake aikate kwa maji safi.